Kilimanjaro haikuwa zawadi ya kuzaliwa

Wengi tumesimuliwa kuwa mpaka wa Kenya na Tanzania ulipinda kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm Mlima Kilimanjaro. Si kweli. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka huo mwaka 1886. Wilhelm akawa Kaisari wa Ujerumani 1888, baada ya mpaka kukubaliwa.

Mstari ulianzia mdomoni mwa mto Umba, ukapita Ziwa Jipe, ukauzunguka mlima upande wa kaskazini, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria, digrii 1 kusini mwa ikweta. Wajerumani walishikilia mikataba waliyoipata Uchagani 1885. Mombasa ikabaki upande wa Waingereza. Wamasai, waliokatwa vipande viwili, hawakuulizwa.

Vita vya 1914–1918 vilibadilisha mipaka mingine: Rwanda na Burundi zikaenda Ubelgiji, Kionga, eneo dogo kusini mwa mdomo wa mto Ruvuma, ikaenda Ureno.