Je, wajua kwa nini "fa" ya baragumu la Alpi haifanani na ya kinanda?

Ukilitazama baragumu hilo la milima ya Uswisi, lile la mbao lenye urefu wa mita 3 na nusu hivi ambalo wenyewe huliita Alphorn, utatafuta matundu ya kuziba kwa vidole usiyaone. Halina vitufe wala ulimi wa utete kama wa zumari. Ni bomba tupu, jembamba mdomoni na pana mwishoni. Hata hivyo, mpigaji hodari hutoa wimbo mzima. Anautoa wapi?

Kwenye midomo. Mpigaji huibana midomo yake kwenye kikombe kidogo cha mbao na kuitetemesha, na hewa iliyomo bombani hupokea mitetemo fulani tu. Tuseme mtetemo wa chini kabisa ni mara 46 kwa sekunde. Unaofuata utakuwa mara mbili ya huo, kisha mara tatu, mara nne, na kuendelea. Akikaza midomo, sauti haipandi polepole. Inaruka hadi ngazi nyingine. Buruji ya jeshini hufanya kazi vivyo hivyo.

Ngazi za chini zimeachana sana: do, so, do, mi, so. Kuanzia ya 8 zinasogeleana, na hapo ndipo wimbo unapopata nafasi: ya 8 ni do, ya 9 re, ya 10 mi, ya 12 so. Katikati ipo ya 11, na hii ndiyo yenye kisa. Mwanakwaya aliyesomea solfa atahangaika kuipa jina, maana imeshaipita fa na bado haijafika fe, yaani fa iliyopandishwa nusu sauti. Iko karibu katikati kabisa ya hizo mbili, na kinanda hakina kibonyezo chake. Mgeni husema mpigaji amekosea. Hajakosea, 46 mara 11 ni 506, na bomba halijui hesabu nyingine.

Kinachonivutia zaidi ni waimbaji. Katika bonde la Muotathal, jimbo la Schwyz, yodeli za kienyeji, yaani nyimbo za milimani ambazo sauti hurukaruka kati ya nzito na nyembamba, huimbwa na fa hiyohiyo ya baragumu, ingawa koo la mtu lina uhuru wa kuimba sauti yoyote litakayo.

Baragumu lenyewe ni la zamani. Mwaka 1555 mwanazuoni wa Zürich, Conrad Gessner, aliandika juu ya baragumu la mbao la futi 11 hivi. Wachungaji walilitumia kuita ng'ombe wakati wa kukamua na kupelekeana habari kati ya malisho ya mlimani na bondeni. Lakini lile tunaloliona leo kwenye picha za utalii ni mila iliyofufuliwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa limekaribia kutoweka, na kwenye sherehe ya Unspunnen karibu na Interlaken, mwaka 1805, wapigaji waliojitokeza kushindana walikuwa wachache mno. Miaka ya 1820 mwanamuziki Ferdinand Huber alipelekwa Grindelwald kuwafundisha vijana. Kufikia 1868 mtunzi wa muziki Mjerumani, Johannes Brahms, alilisikia huko Uswisi, akamtumia rafiki yake mpiga piano, Clara Schumann, sauti zake kama salamu za siku ya kuzaliwa, na baadaye akaziingiza kwenye simfoni yake ya kwanza.

Na kile kikunjo cha mwishoni, pale bomba linapopinda kwenda juu? Miti ya jamii ya misonobari inayoota kwenye mteremko hulemewa na theluji ingali michanga, ikapinda shinani kabla ya kunyooka kwenda juu. Fundi aliupasua mti kama huo kwa urefu, akachimba kila nusu, akaziunganisha tena na kuzizungushia gome au henzirani. Siku hizi wengi hutengeneza vipande vya kuunganisha, ili baragumu liingie kwenye gari.

Urefu ndio unaoamua ufunguo, yaani do ya bomba itaangukia sauti gani ya kinanda. Waswisi wengi hutumia ufunguo wa F♯ (F iliyopandishwa nusu sauti), wakati majirani wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na Austria hupendelea F, kwa hiyo Mswisi akienda kupiga nao hupachika kipande cha nyongeza kwenye bomba lake.