Dozi iliyorukwa, na aibu inayoifuata

Swali tunalouliza sana kwenye kliniki za VVU hapa Mombasa ni moja: "Umeruka dozi ngapi?" Na jibu tunalopewa sana pia ni moja: "Hata moja." Mimi ni mfamasia. Kazi yangu ni kutoa dawa na kuzungumza na wanaozimeza, na nimefika mahali pa kuamini kwamba swali hilo, kwa namna linavyoulizwa, linawafundisha watu kutuficha. Mtu akijua vidonge vyake vitahesabiwa, anavitupa vilivyobaki kabla hajapanda matatu ya kuja hospitali. Hesabu inatoka sawa, faili linaandikwa vizuri, na virusi vinaendelea kuongezeka damuni.

Ninachotaka kueleza ni kwa nini siku moja ya kusahau si msiba, kwa nini wiki kadhaa mfululizo bila dawa ni hatari, na kwa nini kinachoigeuza ile siku moja kuwa wiki kadhaa mara nyingi ni aibu.

Watu wazima wengi wanaoishi na VVU nchini Kenya sasa humeza kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kliniki tunakiita TLD. Bila dawa, virusi hujinakili kwa mabilioni kila siku ndani ya mwili, tena hujinakili ovyo, nakala nyingi zikitoka na kasoro. Nyingi ya kasoro hizo hazivifai kitu, ila mojamoja huvisaidia kuikwepa dawa fulani. Ndiyo maana dawa ni tatu kwa pamoja: kirusi kilichojifunza kuikwepa moja kinakutana na nyingine mbili. Hatari iko pale dawa zinapopungua damuni bila kwisha kabisa. Hapo virusi huzaliana mbele ya dawa iliyodhoofika, na vile vilivyopata kasoro ya kuikwepa ndivyo vinavyobaki na kutawala. Huo ndio usugu.

Wengi mmeambiwa lazima ufikie asilimia 95 ya dozi zote. Kiwango hicho kilipata nguvu kutokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2000, kwa wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za kizazi kile, vidonge vingi, mara kadhaa kwa siku. Baadaye tukawa na efavirenzi, iliyowasumbua watu kwa kizunguzungu na ndoto za ajabu, na iliyokuwa na tatizo jingine: mtu akiacha dawa zote kwa pamoja, yenyewe hubakia damuni muda mrefu baada ya wenzake kuondoka, ikipambana peke yake, na usugu dhidi yake hutokea upesi. Dolutegraviri ni imara zaidi. Virusi hupata taabu kubwa kujenga usugu dhidi yake, na mtu aliyesahau Jumanne akameza Jumatano kwa kawaida hadhuriki. Ukikumbuka kabla ya muda wa dozi inayofuata kukaribia, meza. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Wapo wenzangu wasiopenda niliseme hili waziwazi, wakihofia watu watalegea. Naielewa hofu yao lakini sikubaliani nayo. Mtu aliyeambiwa kwamba dozi moja ikipotea kila kitu kimeharibika, siku ikipotea kweli, ana sababu gani ya kuendelea?

Kukata dawa mfululizo ni jambo jingine kabisa. Dawa huzuia virusi visizaliane, lakini haivifikii vile vilivyolala ndani ya seli. Ukiacha, vinaamka, na kwa watu wengi ndani ya wiki chache vinaonekana tena kwenye kipimo. Zamani madaktari walijaribu kuwapumzisha wagonjwa dawa kwa mpango, wakitumaini kuwapunguzia madhara yake. Utafiti mkubwa ulioitwa SMART ulikatizwa mwaka 2006 kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopumzishwa waliugua na kufa zaidi ya walioendelea. Kuna na jambo ambalo wengi hawaambiwi: tenofoviri na lamivudini pia huzuia homa ya ini aina ya B. Mwenye magonjwa yote mawili akikata TLD ghafla, ini linaweza kuvimba vibaya. Kama hujawahi kupimwa homa ya ini, omba upimwe.

Sasa, kwa nini watu huruka? Kwa ninayoyasikia dirishani, kusahau ndiyo sababu nyepesi kuliko zote. Mama mmoja alikaa kimya muda mrefu mbele yangu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nikikuambia kweli hutanigombeza?" Nikamwambia, "Sikugombezi, mama, sema." Anaishi nyumba ya ukoo, vyumba vinatazamana, na mkwewe analala chumba cha pili. Kopo la dawa likitikiswa linalia. Kila mtu mtaani anaujua mlio ule. Basi wageni wakijaa nyumbani, dawa inabaki sandukuni siku mbili, tatu, mpaka watu watawanyike. Hakuna somo la umuhimu wa dawa lingemsaidia mama huyu, maana umuhimu anaujua kuliko mimi. Kilichomsaidia ni pamba safi ndani ya kopo ili vidonge visigongane, na kuhamisha saa ya kumeza kutoka usiku hadi alfajiri, anapoamka kuswali kabla ya wengine. TLD haidai saa maalumu. Inadai tu saa unayoiweza kila siku.

Siri ya hali yako inalindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU, lakini sheria haiingii chumbani kwa mkwe. Ndiyo maana sioni haya kuzungumza habari za pamba.

Mji wetu pia ni mji wa safari. Dereva wa trela anatoka bandarini akijua atafika Malaba, hajui atakaa kwenye foleni ya mpaka siku ngapi. Baharia anaondoka kwa miezi. Mwingine anapigiwa simu ya msiba bara, anatoka na nguo alizovaa. Hawa tunaweza kuwapa dawa za miezi mitatu, na zaidi kwa ambaye matibabu yake yametulia, na nawahimiza wagawe kidogo: kopo nyumbani, vidonge vya wiki kwenye mkoba wa safari. Ukiishiwa ukiwa mbali, kliniki yoyote ya serikali inayotoa dawa za VVU (ARV) inaweza kukupa za kukuvusha. Beba kadi yako, au hata picha yake kwenye simu.

Ramadhani siku hizi imekuwa nyepesi. Enzi za dozi mbili kwa siku nilikuwa naulizwa sana. Kidonge kimoja kinamezwa wakati wa futari au daku, na saumu haiguswi. Usikihamishe tu siku hadi siku. Chagua wakati mmoja ushikamane nao mwezi mzima.

Mara nyingine mtu anameza kila siku na virusi bado viko juu. Kabla ya kumshuku, muulize anameza nini kingine. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini huishika dolutegraviri tumboni isiingie damuni: meza TLD saa mbili kabla yake, au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, na vya kalsiamu, vinaweza kufanya hivyohivyo, isipokuwa ukivimeza pamoja na TLD na chakula. Rifampisini ya kifua kikuu huimaliza dolutegraviri haraka mwilini, hivyo mgonjwa huongezewa dozi ya pili baada ya saa 12. Na mwenye kisukari anayetumia metformini atuambie, kwa sababu dolutegraviri hupandisha kiwango chake damuni na huenda dozi ikahitaji kupunguzwa. Mambo haya hayajulikani bila mtu kuyataja, na hayatajwi kwa mtu anayekutazama kwa shuku.

Wengine hukata kwa sababu wanaamini wamepona, au wameambiwa wamepona. Kipimo kisichoona virusi ni habari njema sana: utafiti wa PARTNER ulioendelea hadi matokeo yake ya pili mwaka 2019 haukupata hata maambukizi moja kati ya wenza pale virusi vilipokuwa vimefifishwa, licha ya ngono bila kondomu. Hapo humwambukizi mwenzako. Lakini vile vilivyolala bado vipo. Aliyeombewa au aliyekunywa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, simkatazi dua. Namwomba asikate kidonge, na mashehe na wachungaji wengi ninaowajua husema hivyohivyo.

Na si kila dozi iliyorukwa ni ya mgonjwa. Mapema 2021 shehena ya ARV ilikwama hapahapa bandarini kwa mvutano wa ushuru, na watu wakawa wanapewa dawa kidogokidogo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wahudumu wengi walipoteza kazi, na kliniki nyingi zikaanza kuunganishwa na huduma za wagonjwa wa kawaida. Mtu aliyezoea mlango fulani na sura fulani akiukuta umefungwa, anageuka na kurudi nyumbani. Namwelewa.

Kwa hiyo siku hizi nauliza hivi: "Wiki iliyopita siku gani ilikuwa ngumu?" Watu husimulia.

Na wewe uliyekaa miezi bila dawa, hiki ndicho kitakachofanyika ukirudi. Utaulizwa kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito na maumivu makali ya kichwa, kwa sababu kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo hutibiwa kwanza. Utapimwa CD4, yaani seli za kinga ya mwili. Usipokuwa na dalili hizo, mara nyingi utaondoka siku hiyohiyo na TLD ileile uliyoiacha, kisha wingi wa virusi utapimwa baada ya miezi mitatu hivi. Kama mlango ulioujua umefungwa, nenda dirisha la wagonjwa wa nje, omba kuonana na muuguzi faraghani, mtajie namba yako ya kliniki. Namba yako haifutwi kwa kukosa kuja.