Mwanafunzi Anapopotelea Koridoni

Chukua mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wiki ya kwanza ya muhula anakuta akaunti yake ya usajili imefungwa. Anadaiwa salio dogo la ada ya muhula uliopita, salio ambalo anajua alishalilipa. Anakwenda dirisha la uhasibu. Anaambiwa malipo hayajasomeka kwenye mfumo, aende kwa msajili. Msajili anasema hawezi kufungua akaunti bila barua ya uhasibu. Anarudi uhasibu: barua inasainiwa na mkuu wa kitengo, na mkuu wa kitengo yuko kikaoni, njoo kesho. Kesho inakuwa Ijumaa, Ijumaa inakuwa Jumatatu. Huku nyuma jina lake halimo kwenye orodha ya kozi, kwa hiyo jaribio la kwanza linampita. Mhadhiri anaona kiti kitupu, anahesabu utoro. Msimamizi wa bweni anamkuta amelala mchana, anadhani anaumwa. Zahanati ya chuo inampa dawa ya maumivu ya kichwa, maana kichwa kweli kinamuuma. Wiki ya sita anafunga begi.

Ukifanya uchunguzi, kila ofisi itakuonyesha kumbukumbu zake na utakuta imefanya kazi yake sawasawa. Uhasibu walifuata utaratibu, msajili hakuvunja kanuni, zahanati ilitibu. Chuo kizima kilimhudumia, na chuo kizima kilimpoteza.

Katika kazi yangu ya huduma za wanafunzi nimesoma fomu nyingi sana za kuahirisha masomo. Sehemu ya "sababu" hujazwa kwa maneno mawili matatu: ada, ugonjwa, matatizo binafsi. Zamani niliyaamini maneno hayo kama yalivyo, nikapanga hata takwimu kwa kuyafuata. Baadaye nilianza kuwaita waliojaza, tukakaa nusu saa. Karibu kila mara neno lile lilikuwa kifuniko cha sufuria. Aliyeandika "ada" alikuwa pia ameshindwa somo la hesabu mara mbili, na aliyeandika "ugonjwa" alikuwa hajalala vizuri tangu mzazi wake apoteze kazi. Shida za mwanafunzi huja zimeshikana mikono, lakini sisi tumejenga ofisi zinazozipokea mojamoja.

Si kwamba watu wa ofisi hizo ni wabaya. Kila huduma ilizaliwa kwa wakati wake, ikapewa bajeti yake, bosi wake na mfumo wake wa kompyuta. Unasihi uliongezwa baadaye, ushauri wa ajira baadaye zaidi, dawati la mikopo likawekwa jengo jingine kwa sababu ndipo palikuwa na nafasi. Anayeijua ramani yote ni mtu mmoja tu, yule mwanafunzi anayepigwa danadana, naye huijua akiwa ameshachelewa.

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Vincent Tinto, aliandika hoja ambayo hadi leo wataalamu wa elimu ya juu huirudia: kuondoka chuoni mara nyingi si tukio la siku moja bali ni mwendo, mtu akijitenga kidogo kidogo na maisha ya masomo na ya wenzake. Kama ni mwendo, basi una vituo, na kila kituo kuna mfanyakazi wa chuo anayeona kipande. Swali ni kama vipande hivyo hukutana mahali popote kabla ya wiki ya sita.

Ushahidi kwamba vikikutana matokeo hubadilika upo, na ni wa kupimwa. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kilianzisha programu ya ASAP mwaka 2007 kwa wanafunzi wa stashahada za miaka miwili. Ndani yake hakuna hata kitu kimoja cha ajabu: nauli ya usafiri wa umma, vitabu, kufidia pengo la ada, masomo ya ziada, mshauri. Kinachoitofautisha ni kwamba vyote hupitia mkono mmoja. Wakati wa tathmini mshauri wa ASAP alikuwa na wanafunzi 60 hadi 80, wakati washauri wa kawaida walibeba 600 na zaidi, na kadi ya usafiri ilipatikana kwa mwanafunzi anayeshiriki programu inavyotakiwa. (Hilo la kadi nalipenda. Kijana huja kwa ajili ya nauli, akaondoka amezungumzia jaribio aliloshindwa.) Watafiti wa MDRC, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipowagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya walio kwenye programu walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Vyuo vitatu vya jimbo la Ohio vilipoiga mpango huo kuanzia 2014, pengo lilijitokeza tena: asilimia 35 kwa 19.

Wakuu wa fedha huniuliza gharama, na wana haki. Mwanafunzi wa ASAP aligharimu takribani asilimia 60 zaidi ya mwenzake katika miaka ile mitatu. Lakini gharama ya kila mhitimu aliyepatikana ilikuwa ndogo zaidi, kwa sababu walihitimu wengi zaidi.

Kuna wanaosema shida ni pesa tu: wape pesa, watamaliza. Mjini Fort Worth, Texas, watafiti walilijaribu hilo kuanzia 2013 kwa wanafunzi wa chuo wenye kipato kidogo. Kundi moja lilipata mtu wa kuwafuatilia maisha yao kwa karibu, anayejua habari za masomo, nyumba, watoto na kazi, pamoja na msaada wa fedha za dharura. Kundi la pili lilipata fedha za dharura peke yake. Fedha peke yake hazikuonyesha matokeo. Ufuatiliaji uliwasaidia kubaki chuoni na kumaliza, hasa wanawake. Sisemi pesa si kitu. Nasema pesa bila mtu anayejua inakwenda kuziba tundu lipi huishia njiani.

Pesa ikipata mtu wa kuielekeza, hata kidogo hufika mbali. Georgia State, chuo kikuu cha mjini Atlanta, kilikuwa kila muhula kikifuta usajili wa wanafunzi wengi kwa sababu ya madeni madogo, wakiwemo waliobakiza kozi chache wahitimu. Mwaka 2011 kikaanza kutoa ruzuku ya kufunga madeni hayo, kwa wastani karibu dola 900. Tazama namna ilivyofanyika: mwanafunzi haombi. Watumishi wanapitia orodha ya wanaokaribia kufutwa, wanaangalia nani yuko vizuri kimasomo, kisha wanampigia simu wao. Yule kijana wetu wa kwenye dirisha la uhasibu angepigiwa simu. Hiyo ni kazi ya orodha mbili kuwekwa juu ya meza moja, orodha ya wadaiwa na orodha ya alama.

Chuo hichohicho, mwaka 2012, kilianza kufuatilia viashiria zaidi ya 800 vya hatari kwa kila mwanafunzi kwa kutumia kompyuta, na habari zake zikaenea. Vyuo vingi vikakimbilia kununua programu za kompyuta za aina hiyo. Wachache waliuliza kuhusu washauri wapya zaidi ya 40 walioajiriwa ili kuyafanyia kazi yale yanayoonyeshwa na kompyuta. Baadaye vyuo vikuu 11 vya Marekani vilishiriki jaribio la ushauri wa karibu unaotumia takwimu, likihusisha zaidi ya wanafunzi 10,000. Kwa ujumla wa vyuo vyote, tofauti kubwa haikuonekana mwanzoni. Georgia State ndipo ilipoonekana. Walikuwa na uzoefu wa miaka mikononi. Nimewahi kukaa kwenye ofisi moja ambako taa nyekundu ziliwaka kwenye skrini kwa majina 300 na mshauri mmoja akanywa chai akizitazama, si kwa uvivu. Hakujua aanze na nani, wala akimpata amwambie aende wapi. Kengele isiyo na mtu wa kuiitikia ni kelele.

Ndiyo maana mimi husisitiza zaidi kukabidhiana kuliko kutambua. Kumtambua mwanafunzi mwenye shida si kazi ngumu; mhadhiri wa kozi ya mwaka wa kwanza anaweza kukutajia majina yao wiki ya tatu bila kompyuta. Kazi iko kwenye kumtoa mkono mmoja kwenda mwingine. "Nenda ukaonane na watu wa unasihi" ni sentensi inayopoteza wanafunzi. Nyanyua simu mwanafunzi akiwa amekaa mbele yako, sema nani anakuja na saa ngapi, na wa upande wa pili akurudishie ujumbe: amefika, au hakufika. Ujumbe wa "hakufika" ndio wenye thamani kuliko yote, na ndio ambao vyuo vingi havina mtu wa kuupokea. Kila mwanafunzi aliyetambuliwa kuwa na shida awe na mtumishi mmoja anayembeba, kwa jina, hadi jambo lifungwe.

Hapo huzuka hofu ya siri, na hofu hiyo ni halali. Mnasihi hapaswi kumsimulia mhadhiri yaliyosemwa chumbani, wala zahanati kutangaza vipimo. Lakini kuratibu hakuhitaji hayo. "Tumeonana naye, anahudumiwa, mpeni wiki mbili kwenye kazi ya nyumbani" inatosha kabisa, na mwanafunzi aombwe ridhaa kabla ya hata hilo kusemwa. Wengi hukubali kwa furaha, kwa sababu wamechoka kueleza upya habari ileile mbele ya kila dirisha.

Kuna jambo jingine linalowafanya wanafunzi wakwepe msaada hata ukiwa mlangoni: aibu. Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City kilikuja na njia nzuri ya kuizunguka mwaka 1973. Badala ya kuwaita "wanafunzi dhaifu," kilitazama kozi ngumu, zile zinazojulikana kwa kufelisha, na kufungua vipindi vya ziada kwa kila aliyeisajili, vikiongozwa na mwanafunzi aliyekwisha kuifaulu. Anayeelekea kupata alama ya juu na anayeelekea kwenye sapu huketi benchi moja, na hakuna anayejua nani alifuata nini. Ningependa huduma zetu zote ziwe na umbo hilo.

Chuo kisicho na fedha za programu kubwa kianze na kikao. Saa moja kwa wiki, kuanzia wiki ya pili ya muhula: mtu mmoja kutoka uhasibu, usajili, mabweni, unasihi, mikopo na mwakilishi wa wahadhiri. Wasije na ripoti, waje na majina. Jina moja likitajwa na watu watatu, hilo ndilo la kwanza. Mwishoni mwa kikao kila jina liwe na mwenye kulibeba. Nimeona vikao vya aina hii vikidumu na nimeona vikifa. Vilivyokufa viligeuka vikao vya kupeana taarifa, na watu wenye kazi hawavumilii hivyo zaidi ya mwezi.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na fomu mkononi, chuo chako labda hakijafika huko. Kabla hujaondoka dirishani, uliza nani hasa anakusubiri huko unakotumwa, na ukimkosa urudi kwa nani hapa. Andika majina yote mawili na tarehe. Siku hiyohiyo mpelekee mhadhiri ujumbe wa mistari miwili: usajili wangu umefungwa kwa sababu ya malipo, nafuatilia, naomba kuendelea kuhudhuria na kufanya majaribio. Wahadhiri wengi watakuruhusu ukisema wiki ya kwanza. Wiki ya saba, kwa maelezo yaleyale, hata anayekupenda hana pa kukuandikia alama.