Kilo Yako Haikuliwa Jikoni

Jumamosi saa nane mchana, popote Nairobi panapochomwa nyama, kuna meza itakayomwita mwenye hoteli. Ubao umefika, nyama imekatwakatwa, kachumbari iko pembeni, na badala ya kula mteja anauliza, "Hii kweli ni kilo?" Wako hata wanaoomba ubao urudishwe kwenye mizani. Mizani inasoma gramu 680, basi kesi imekwisha: tumepunjwa! Picha inapigwa, inapandishwa mtandaoni, na hoteli nyingine inaingia kwenye orodha ya wezi.

Sisi tunaochoma tumelijibu swali hili hadi koo limekauka. Kilo hupimwa mbichi. Bei iliyoandikwa ukutani ni ya nyama mbichi, pamoja na mfupa wake, vile ilivyoning'inia buchani hapo mbele. Ni hivyo Kenyatta Market, ni hivyo Burma kule Jogoo Road, na ukitoka nje ya jiji kupitia Kiserian kwenda kula huku ukitazama Bonde la Ufa, bado ni hivyo.

Sasa tuone zile gramu 320 zilienda wapi. Nyama isiyo na mafuta ni maji karibu robo tatu. Joto ndani yake likifika nyuzijoto 50 hivi, misuli huanza kujikunja. Likipita 60, tando zinazoifunga misuli hiyo nazo hukaza na kuyakamua maji nje, kama mtu anavyokamua shuka kabla ya kuanika. Ule mlio unaousikia juu ya makaa ni maji yako yakiondoka. Mafuta nayo yanayeyuka na kudondoka. Kwa moto wa wastani, robo hadi theluthi ya uzito huenda hivyo, bila mtu kuonja hata kipande.

Halafu anakuja yule anayesema "ikauke kabisa, sitaki kuona damu." Kwanza, ile si damu, mnyama alichinjwa, damu ikabaki machinjioni. Ni maji ya nyama yenye rangi yake. Pili, ukiagiza ikauke, umeagiza ipungue. Nyama hiyo itakaa motoni dakika 20 zaidi na inaweza kupoteza hata asilimia 40. Na ni mteja huyuhuyu, si mwingine, atakayeita mwenye hoteli. Anayekubali nyama iliyoiva ikabaki na maji yake huwa halalamiki, maana ubao wake umejaa.

Ondoa na mfupa. Katika mguu wa mbuzi, mfupa ni kama robo ya uzito mbichi, na mfupa haupungui sana motoni. Kwa hiyo kilo moja ya mguu ikishachomwa inakupa nyama ya kutafuna gramu 450 hadi 500. Mbavu zinatoa kidogo kuliko hapo, kwa sababu ya mifupa na mafuta, lakini ndizo tamu zaidi na kila mtu anajua hivyo. Hesabu ya meza basi ni nusu kilo mbichi kwa mtu mzima, au gramu 400 kama kuna ugali wa kutosha na supu imetangulia. Watu sita, kilo tatu. Mkiagiza kilo moja na nusu kwa watu sita, msimtafute mwizi.

Je, wizi haupo? Upo, na sitauficha. Ila hautokei pale mnapoutafuta. Hutokea mizanini. Mshale haukuanza kwenye sifuri, au sinia limepimwa pamoja na nyama, au kiganja kimeegemea kidogo, au umeongezewa kipande cha shingo na mafuta ya figo "ili itimie." Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa mhuri chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, kwa hiyo kuangalia mhuri na kuomba irudishwe sifuri si utovu wa adabu. Nenda buchani mwenyewe. Usimtume mhudumu halafu ukalalamike ukiwa umeketi.

Hatua ya pili ni kati ya mizani na meza. Hapa, kwa maoni yangu, kuchanganya ni kwingi kuliko kuiba. Kwenye wavu mmoja siku ya Jumamosi kuna oda kumi na zaidi. Baadhi ya majiko hufunga waya wenye namba. Mengi hutegemea kichwa cha mchomaji mmoja aliyesimama kwenye moshi tangu asubuhi. Dawa yake ni rahisi na haihitaji mizani: hesabu mifupa. Nyama hupungua, mifupa haitoroki. Mbavu nane zikiingia motoni, nane zirudi. Ukichagua mkono, tafuta mfupa mpana wa bega. Ukichagua mguu, tafuta mfupa mrefu wa paja. Na waambie mapema wakuletee ikiwa nzima, ikatwe mezani mbele yako. Nyama ikishageuka vipande vidogo, hata mimi siwezi kukuapia ilikuwa ya nani. Vipande vikubwa pia huacha maji machache ubaoni.

Kuna eneo moja ambalo sina jibu safi. Mguu mzima unataka saa moja na robo hadi saa moja na nusu kwenye makaa yaliyovaa majivu, yale ambayo kiganja kinavumilia juu yake kwa sekunde nne au tano. Mbavu ni dakika 40 hivi. Mteja anafika saa nane, anataka mguu saa nane na nusu. Jiko lina njia mbili: kuukata vipande upate moto pande zote, na hapo upotevu unaongezeka, au kukupa uliochomwa nusu tangu asubuhi. Huo wa pili upimwe vipi? Ulishapoteza sehemu ya maji. Ukiuzwa kwa uzito wa sasa kwa bei ya mbichi, mteja anafaidika. Ukiuzwa kwa uzito wa asubuhi, mteja hakuuona ukipimwa. Hoteli zinafanya yote mawili, na mara nyingi hazisemi. Uliza kabla.

Imani nyingine naipita haraka: eti mbuzi aliyechinjwa alfajiri kwenye machinjio ya Kiamaiko ndiye laini zaidi mchana. Ni kinyume. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na nyama ya namna hiyo huwa ngumu. Aliyechinjwa jana na akaning'inizwa vizuri mahali pa baridi ni bora. Cha kutafuta ni mhuri wa mkaguzi kwenye mzoga, wala si joto la mwili.

Chumvi? Vitabu vinasema uipake mapema. Jikoni kuna wanaopaka mapema, wanaonyunyiza maji ya chumvi nyama ikiwa motoni, na wanaokuwekea kijilima ubaoni ujichovyee. Kwenye mguu mnene naona faida ya kupaka mapema. Kwenye mbavu, ukinifunga macho sidhani kama ningetofautisha. Limau na bia sina la kusema, ila kwamba mbuzi mzee akimwagiwa bia anabaki mzee. Umri wenyewe ni vigumu kuujua bila kichwa chenye meno. Tunaangalia gegedu kwenye ncha za mifupa na rangi ya mafuta, na taa nyekundu za bucha hutudanganya sisi pia.

Kama kweli kilo inakukosesha usingizi, jiji hili lina njia nyingine za kula mchana wa wikendi. Carnivore, hoteli iliyoko barabara ya Langata tangu 1980, unalipa bei moja na nyama inakujia kwenye mapanga ya Kimasai mpaka uangushe kibendera cha mezani. Hakuna mizani, kuna tumbo lako. Usianze na soseji na kuku, zinajaza mapema. Eastleigh kwenye hoteli za Wasomali, mbuzi huuzwa kwa sahani: huchemshwa kwanza na viungo, halafu hukaangwa au kuokwa, na huja na wali, ndizi mbivu na bakuli la supu. Supu hiyo ina ladha ile ambayo juu ya makaa huishia kudondoka. Uliza pia kama kuna ngamia, na ukifika mapema utapata sehemu yenye mafuta ya nundu.

Ukibaki kwenye choma, Jumapili ndiyo siku ngumu. Ibada zikiisha, magari yote yanafika kwa pamoja kuanzia saa saba, na mbavu ndizo huisha kwanza. Kupiga simu na kutuma pesa asubuhi kunakuokolea saa nzima, lakini mizani hutaiona. Agiza kwa idadi ya mbavu pamoja na kilo. Vinginevyo fika kabla ya saa sita na nusu, chagua nyama yako, pima, kisha ndipo utafute meza.