Mtoto anaanza karate, judo au taekwondo: maswali ya wazazi

Mtoto amepata usajili wake wa kwanza kwenye sanaa za mapigano. Yeye halali kwa furaha, wewe hulali kwa hofu. Haya ndiyo maswali yanayomjia karibu kila mzazi katika wiki za mwanzo.

Aanze akiwa na miaka mingapi?

Hakuna umri mmoja kwa watoto wote. Wengi huwa tayari kati ya miaka 5 na 7, pale mtoto anapoweza kusubiri zamu, kushika maelekezo mafupi na kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba sana. Chini ya hapo, darasa zuri ni michezo tu: kubingirika, kuruka, kukimbia na kusimama ghafla kwa amri. Ukikuta watoto wa miaka 4 wamepangwa mistari nusu saa nzima wakirudia ngumi ileile, mwalimu huyo huenda anaijua karate vizuri sana, lakini hajui watoto walivyo.

Mchezo upi ulio salama zaidi?

Kila mmoja una maumivu yake. Judo, aliyoianzisha Jigoro Kano huko Japani mwaka 1882, haina ngumi wala teke. Ni kushikana na kurushana, kwa hiyo majeraha yake hukaa begani, kwenye mtulinga na kiwiko. Taekwondo ya Korea ni ya miguu zaidi: vifundo, nyayo, na kichwa pia, kwa kuwa teke la kichwani huleta pointi.

Hata hivyo, jina la mchezo lina uzito mdogo kuliko mwalimu. Nenda ukakae pembeni utazame vipindi viwili kabla hujalipa. Mimi ningetazama jambo moja kwanza: je, anafundisha kuanguka kabla ya kufundisha kurusha? Katika judo somo hilo huitwa ukemi. Mtoto hukunja kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, huviringa mgongo, kisha hupiga mkeka kwa mkono mzima badala ya kujizuia kwa kiganja. Kujizuia kwa kiganja ndiko kunakovunja mikono ya watoto, na aliyezoea kuanguka vizuri hubaki na kinga hiyo hata anapoteleza kwenye ngazi.

Tazama pia kama watoto wanapangwa wawili wawili kwa uzito na uzoefu, si kwa umri peke yake. Kama mikeka imeshikana bila nyufa. Kama mtoto akigonga mkeka kuomba kuachiwa anaachiwa papo hapo. Na mahali ambapo mzazi haruhusiwi kutazama mazoezi, usimwache mtoto wako hapo, hata ukuta ukiwa umejaa medali.

Akipigwa kichwani je?

Hapa ndipo nisipopenda wazazi wawe wepesi. Mtikisiko wa ubongo hutokea hata bila kuzirai, na kofia ya kinga haiuzuii. Kofia hupunguza michubuko na uvimbe, lakini ubongo bado hutikisika ndani ya fuvu. Mwaka 2016 madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walishauri kwamba mtoto aimarike kwanza katika mazoezi yasiyo ya kugusana, na mapambano yacheleweshwe hadi awe amekomaa kimwili na kihisia. Ni ushauri ninaoukubali kabisa. Mtoto hapotezi chochote akikaa mwaka mmoja au miwili akijifunza mikao, kusimama bila kuyumba na kuanguka.

Baada ya pigo au anguko, mtazame. Akilalamika kichwa kinauma, ana kizunguzungu au kichefuchefu, mwanga unamsumbua, anajibu polepole, anauliza swali lilelile tena, au tu "hayuko sawa" kwa jicho la mzazi, mazoezi yameisha kwa siku hiyo. Asirudi hata akisema yuko sawa, hata mwalimu akisema ni jambo dogo. Mpeleke akapimwe. Atapumzika siku moja au mbili, masomo yatarudi kwanza, kisha mwendo mwepesi, kisha mazoezi bila kugusana. Mapambano yarudi mwisho, daktari akiridhia.

Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akizirai, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akiwa mgumu kuamka, mkono au mguu ukilegea, au kichwa kikizidi kuuma, hiyo ni dharura. Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Mifupa yake bado inakua. Itaharibika?

Mazoezi yenyewe huimarisha mifupa. Tahadhari iko karibu na ncha za mfupa, kwenye gegedu ambamo urefu huongezeka. Kwa mtoto sehemu hiyo ni dhaifu kuliko mishipa inayoshikilia kiungo. Ndiyo maana kinachoonekana kama kuteguka kinaweza kuwa mfupa umeumia. Asipoweza kukanyaga, kiungo kikipinda, au maumivu yakiwa juu ya mfupa wenyewe, apigwe picha. Asichuliwe.

Na magonjwa ya ngozi?

Michezo ya kukumbatiana hueneza choa, malengelenge na vidonda vya usaha. Aoge mara tu baada ya mazoezi, kucha ziwe fupi, sare ifuliwe kila mara, taulo lisiazimwe. Akiwa na kidonda kinachotoa maji, abaki nyumbani.

Mwalimu anataka apunguze uzito kabla ya mashindano.

Kataa. Mtoto hanyimwi chakula wala maji ili aingie kundi la uzito mdogo. Japani, nyumbani kwa judo, shirikisho la mchezo huo lilifuta mwaka 2022 mashindano ya kitaifa ya mtu mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi, na miongoni mwa sababu ilikuwa watoto kulazimishwa kupunguza uzito.

Ana pumu. Aruhusiwe?

Mara nyingi ndiyo, dawa yake ya kuvuta ikiwa karibu na mwalimu akijua kuitumia. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down aonwe na daktari kwanza, kwa sababu baadhi yao wana shingo isiyo imara na kubingirika kunaweza kuwadhuru.

Wiki ya tatu ameanza kulia, hataki kwenda.

Usimwite mwoga. Tafuta chanzo. Huenda amepangwa na mtoto anayemuumiza, huenda anaona aibu kuvua viatu mbele za watu, huenda amechoka tu. Muulize mkiwa njiani au mkila, si mlangoni pa mazoezi. Akitaja kwamba mtu mzima amempiga, amemtukana au amemshika pasipofaa, mwamini, mwondoe hapo, na utoe taarifa. Kama ni woga wa kawaida, omba akae pembeni atazame kipindi kimoja, arudi akiwa tayari.

Unapotazama, usipige kelele za maelekezo. Mtoto hawezi kusikiliza makocha wawili. Na mkirudi nyumbani, swali la "umeshinda?" liache. Muulize leo ameanguka mara ngapi, kisha mwombe akuonyeshe alivyoanguka.