Upepo Mkali Ziwa Tanganyika: Wajibu wa Hoteli ya Ufukweni kwa Mgeni Wake

Mgeni aliyefikia hoteli ya ufukweni Kigoma halijui ziwa. Asubuhi analikuta limetulia, maji maangavu hadi mawe ya chini yanaonekana, na hana sababu ya kuwaza kwamba siku hiyohiyo boti inaweza kuzama. Anayejua ni mwenyeji wake. Ndiyo maana uamuzi wa boti kutoka au kutotoka, na wa kuwaondoa watu kwenye vibanda vya karibu na maji, ni wa hoteli. Mgeni asiachiwe kuamua.

Tuanze na jambo linalochanganya wengi. Kimbunga cha kitropiki, ambacho huko Karibea na Marekani huitwa harikeni upepo wake ukifika kilomita 119 kwa saa, hulishwa na bahari yenye joto. Kikiingia nchi kavu hukosa chakula hicho na kulegea. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipiga pwani yetu upande wa Mafia, wala hakikufika ziwani kwetu. Hatari ya Kigoma ni mbili: upepo wa ghafla unaotangulia mvua za radi kati ya Novemba na Aprili, na upepo wa kusini wa kiangazi. Huo wa kusini huvuma kufuata urefu wa ziwa, ambao ni kilomita zipatazo 670, na wimbi linalosukumwa masafa marefu namna hiyo huzidi kukua kadiri linavyokwenda.

Hoteli za Florida au Cancun huwa na siku za kujiandaa. Kituo cha vimbunga cha Marekani hutoa taarifa ya kwanza saa 48 kabla ya upepo hatari kutarajiwa, na onyo kamili saa 36 kabla. Ndani ya muda huo hoteli husitisha kupokea wageni wapya, huwasaidia waliopo kubadili tiketi za ndege, huhamisha wa ghorofa ya chini, na mamlaka zikiamuru watu wahame, hufunga milango kabisa. Mvua ya radi ya Kigoma haitoi nafasi hiyo. Kutoka ngurumo ya kwanza hadi bati kung'oka, mhudumu anaweza kuwa na dakika ishirini tu. Yale ambayo wenzetu huyafanya kwa saa 48, hapa hayana budi kufanyika kabla msimu haujaanza.

Kubwa kuliko yote ni safari ya Gombe. Hifadhi hiyo ya sokwe iko kilomita 16 kaskazini mwa mji na haina barabara. Mgeni huenda kwa boti na kurudi kwa boti. Msimamizi asome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ya kuamkia safari, kisha ausome tena alfajiri. Mamlaka hutumia ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Ushauri wetu ni kwamba likitolewa hata angalizo la upepo mkali au mawimbi makubwa kwa Ziwa Tanganyika, safari ifutwe bila mjadala. Pasipo angalizo, kila abiria avae jaketi okozi tangu mwaloni. Jaketi lililofungiwa chini ya kiti halivaliki boti ikishaanza kuyumba.

Makosa hutokea zaidi wakati wa kurudi. Upepo umeanza, mgeni ana ndege kesho asubuhi, anamsihi nahodha, na nahodha anaogopa kukosa malipo yake. Watu hufa hivyo, na inauma kwa sababu dawa yake ni rahisi. Hoteli na nahodha wakubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba upepo ukivuma wageni watalala hukohuko, nahodha atalipwa siku hiyo kama kawaida, na chumba cha mjini hakitatozwa faini. Mgeni aelezwe masharti hayo kabla ya kulipa, na ashauriwe asipange safari ya Gombe siku ya mwisho kabla ya ndege. Mambo ya fedha yakishamalizwa nchi kavu, hakuna anayebaki na sababu ya kulazimisha boti.

Hotelini penyewe, hesabu ni hii: kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne. Bati huanza kung'oka pembeni, pale upepo unapopenya chini ya ukingo, kwa hiyo misumari ya kingo na kona ikaguliwe kwanza, na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zifungwe ukutani kwa mkanda wa chuma. Viti vya plastiki, miavuli na makopo ya maua viingizwe ndani. Kiti kikibebwa na upepo huvunja kioo na kichwa. Wengine hufungua dirisha moja eti upepo upite. Ni hatari: upepo ukishaingia ndani husukuma paa kutoka chini.

Mahali pa kukusanyikia pawe jengo la tofali lenye paa imara, mbali na maji na miti mikubwa. Mabanda ya nyasi na mahema hayakingi radi hata kidogo. Mwanga wa radi ukifuatwa na ngurumo ndani ya sekunde 30, radi iko umbali wa kilomita 10 au chini, na waliomo majini au gatini waitwe mara moja. Wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mapokezi wawe na orodha ya karatasi ya kila mgeni, chumba chake na alikokwenda, kwa kuwa umeme ukikatika kompyuta haisomeki. Majina yaitwe moja moja. Asiyeonekana atafutwe mapema, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe 114.

Maji ya akiba ni lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu. Wageni na wafanyakazi 40 wanahitaji lita 480. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha na juu ya kiwango cha mafuriko. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini.

Upepo ukitulia, wageni wabaki ndani hadi mhudumu azunguke kukagua nyaya zilizoanguka na mabati yaliyolegea. Kuogelea kusubiri maji yatakate, kwani mito ikishafurika huleta magogo na uchafu wa vyooni. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana safi.