Sindano ya kipimo haisambazi saratani ya titi

Wiki hii nimeisikia mara mbili katika asubuhi moja: "Daktari, hiyo sindano sichomwi. Saratani ikiguswa na chuma inatawanyika." Wa pili kusema hivyo ni mama aliyeandikiwa kipimo cha kinyama mwaka jana, yaani kutolewa vipande vidogo vya uvimbe kwa sindano vikachunguzwe maabara, uvimbe ukiwa mdogo kama harage. Safari hii amekuja na kitambaa alichokikunja mara nne ndani ya sidiria, kinyonye majimaji ya kidonda.

Sindano haisambazi saratani. Saratani husambaa yenyewe kupitia mishipa ya limfu na ya damu, hata kama hakuna aliyeigusa. Ni kweli seli chache huweza kubaki kwenye njia ya sindano, lakini haijaonekana kwamba waliopimwa hivyo wanafariki mapema kwa sababu hiyo. Kinachowaua ni huo mwaka wa kukaa nyumbani.

Imani hii haifi kwa sababu watu wanaona kwa macho yao: jirani kachukuliwa kinyama, miezi miwili baadaye kazidiwa. Wasichoambiwa ni kwamba jirani alifika akiwa tayari hatua ya tatu kati ya nne za ugonjwa, kisha majibu yakakwama maabara wiki nenda wiki rudi, dawa haijaanza. Hapo sisi wa hospitali za umma tuna lawama. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Tukizipita siku hizo, uvumi unapata shahidi mwingine.

Na kinyama ndicho kinachotuambia tunatibu nini: uvimbe unaolishwa na homoni, ambao hutibiwa pia kwa vidonge kama tamoksifeni kwa miaka 5 au zaidi, au wenye HER2 kwa wingi, protini inayochochea seli za saratani kukua, ambao una dawa yake. Lakini kinyama kikichelewa kuingia kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, majibu hayo yanaweza kupotosha. Kinatakiwa kiingie ndani ya saa moja. Kwa hiyo usitoke chumba cha kipimo kabla hujasoma jina lako kwenye kichupa na kupewa namba ya sampuli. Iandike mwenyewe. Ukirudi bila namba utazungushwa dirisha hadi dirisha, na siku itaisha.

Mengine nayamaliza haraka. Uvimbe usiouma si salama. Saratani nyingi za titi haziumi mwanzoni. "Kwenye ukoo wetu haipo" haikukingi, kwani za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu. Wanaume nao wanaipata, ingawa ni wachache. Na si kila anayekubali upasuaji anaondolewa titi: ukiwahi, mara nyingi inawezekana kutoa uvimbe peke yake, kisha mionzi ikafuata. Pasipo na mashine ya mionzi karibu, kulitoa titi lote huwa ndiyo njia ya usalama, na una haki ya kuelezwa hivyo waziwazi kabla hujatia sahihi.

Yule mama alikubali. Tulimpiga ganzi, tukatoa vipande vinne vyembamba kama uzi, na kabla sijavua glovu akaniuliza kama bado hatujaanza. Namba ya sampuli ameiandika nyuma ya kadi yake ya kliniki, kwa tarakimu kubwa.